Ushauri juu ya Samaki wa Kikaango na Kachumbari ya Pilipili

Hakuna chakula cha pwani yetu, toka Lamu hata Kilwa, kinachodhaniwa kuwa rahisi kama samaki aliyelazwa katika viungo, akakaangwa kwa mafuta machache juu ya chuma cha moto, akaliwa pamoja na kachumbari ya pilipili. Wala sijui kinachoharibiwa mara nyingi kama hicho. Samaki huja mezani amevunjikavunjika, ngozi yake imebaki kikaangoni, thomu imeungua imekuwa chungu, nyama ya ndani imekauka, na kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi inaelea katika maji yake yenyewe. Mpishi akiona hivyo aghalabu hudhani amepungukiwa na viungo, akaongeza bizari, akaongeza pilipili, na siku ya pili akapata aibu ile ile kwa gharama kubwa zaidi. Nionavyo mimi, viungo vya nyumba zetu vinatosha na kusaza. Kinachokosekana ni taratibu ya wakati, yaani lipi litangulie, lipi lifuate, na lipi lingoje hata dakika ya mwisho. Chumvi ina saa yake, ndimu ina saa yake, na kisu cha kachumbari kina saa yake, na ushauri wote nitakaoutoa humu, ingawa utapita sokoni, kinuni na jikoni, hauna neno jingine ila hilo.

Desturi yenyewe ya kuweka kitu kikali na kichachu kando ya chakula ni ya kale sana katika bahari hii. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli uliowekewa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake akaletewa ndimu zilizotiwa chumvi, pilipili zilizosindikwa, tangawizi mbichi na maembe; naye ameeleza kuwa wenyeji walikuwa wakila tonge la wali, kisha wakilifuatisha kidogo katika vile vikali na vichachu. Alipopita Mombasa aliona kuwa watu wake wanaishi zaidi kwa ndizi na samaki. Nyanya, na pilipili hizi tunazozitumia leo, zilikuwa bado hazijavuka bahari kutoka Amerika, kwa kuwa zilifika katika zama zilizofuata safari ya Vasco da Gama ya 1498. Lakini mahali pake mezani palikuwa pamekwisha kutengwa zamani. Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaoifanya kachumbari kuwa pambo la ukingo wa sahani. Kachumbari ni nusu ya chakula hiki: mafuta ya samaki huyapunguzia uzito, utamu wa nyama huudhihirisha, na ulimi uliochoka kwa tonge la kwanza huurudishia hamu ya tonge la pili.

Basi na tuanze sokoni. Wakati wa samaki huanza kuhesabiwa tangu atokapo majini, wala hauanzi anapofika jikoni, na mpishi hodari hawezi kuirudisha saa moja iliyopotea juani. Nenda mapema, ukiweza ufike wakati mashua zinateremsha, iwe Feri ya Dar es Salaam au Malindi ya Unguja au ufuko wowote ulio karibu nawe, na usione haya kumtaka muuzaji akuoneshe mali yake. "Bwana, hebu mfunue shavu nimwone," ndivyo asemavyo mnunuzi mzoefu, na muuzaji mwaminifu hujibu kwa mkono kabla ya kujibu kwa mdomo, akaliinua shavu la samaki kwa kidole akasema, "Mtazame mwenyewe, bibi, damu mbichi hiyo." Matamvua yawe mekundu na safi, yasiwe ya kahawia wala yenye utelezi mzito, jicho liwe angavu na limetuna, lisiwe limezama na kufanya ukungu, nyama ukiibonyeza irudi mahali pake, na harufu iwe ya bahari, si ya vumba.

Katika jambo hili hadhari kubwa kuliko zote ni kwa samaki wa jamii ya jodari, nguru na vibua. Samaki hawa wakiachwa katika joto, vijidudu hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa sumu ambayo moto hauiondoi, wala ndimu, wala chumvi, wala pilipili. Na mtu akimla samaki wa namna hiyo, mara nyingi kabla ya saa kupita uso humwiva, kichwa humgonga, na mwili humwasha. Kwa hiyo chukua ndoo yenye barafu unapokwenda sokoni, na ikiwa huna barafu nunua samaki mwisho, baada ya nyanya na vitunguu na mazungumzo yote, kisha rudi nyumbani moja kwa moja.

Kwa kikaango, mimi huwapendelea changu na tasi wakaangwao wazima, mmoja mmoja kiasi cha nusu kilo, au nguru aliyekatwa vipande vya unene wa inchi moja. Kolekole na chewa nao hufaa. Majira ya kaskazi, bahari inapotulia, uchaguzi huwa mpana. Majira ya kusi upepo huwazuia wenye vyombo vidogo wasitoke mbali, samaki wakaadimika na bei ikapanda, na wakati huo ni aula kununua tasi wadogo walio wabichi kuliko kumng'ang'ania nguru mkubwa aliyelala siku mbili.

Ukifika nyumbani, mpae magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani, mtoe matumbo na matamvua, kisha fungua tumbo lake utazame uti wa mgongo kwa ndani. Utaona mstari wa damu nzito uliofichwa chini ya utando mwembamba. Wengi huuacha. Uchane utando huo kwa ncha ya kisu, uikwangue damu kwa ukucha wa kidole gumba huku maji yakipita, kwa maana sehemu kubwa ya lile vumba ambalo watu hulipiga vita kwa ndimu tele hutoka hapo. Mwoshe mara moja, usimwache akiogelea katika beseni, kisha mfute kwa kitambaa nje na ndani. Halafu mchanje: chale tatu kila upande, za mshazari, katika sehemu nene ya mwili, zifike mfupani bila ya kuukata mfupa. Chale hizi ni milango miwili kwa pamoja, ya viungo na ya joto; fauka ya hayo, huizuia ngozi isijikunje inapokutana na chuma, ikamwinua samaki upande mmoja asishike moto sawasawa.

Sasa chumvi, peke yake. Kwa kilo moja ya samaki mwenye mifupa, kijiko cha chai kimoja na nusu hutosha. Msugue ndani ya chale, tumboni na juu ya ngozi, umweke mahali pa baridi nusu saa. Utamkuta ametoa maji. Usifadhaike wala usiyarudishe, kwani chumvi iliyotakiwa imekwisha kuingia, nyama imekaza kidogo, na maji yale yaliyotoka yamechukua sehemu ya vumba pamoja nayo. Yafute yote. Mpishi anayechanganya chumvi, ndimu, viungo na maji katika bakuli moja kwa wakati mmoja hujinyima faida hii, naye humpeleka kikaangoni samaki aliyelowa, akastaajabu kwa nini amechemka badala ya kukaangika.

Wakati samaki amelala katika chumvi, twanga viungo. Chukua punje sita za thomu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, pilipili mbuzi moja au nusu yake, kijiko kimoja cha chai cha uzile, yaani bizari nyembamba, kilichokaushwa kidogo juu ya moto bila mafuta hata kinukie, nusu kijiko cha pilipili manga, na nusu kijiko cha bizari ya manjano. Vikavu vitangulie kinuni na chembe ya chumvi, vifuatwe na thomu na tangawizi, na pilipili iwe ya mwisho. Mashine ya kusagia haina kosa ila moja, nalo ni kwamba hudai maji ili izunguke, na maji ndiyo adui tuliyekwisha kumfukuza. Ukiitumia, ipe kijiko cha mafuta badala ya maji. Rojo lipatikanalo liwe zito, la kupakika kwa vidole, nawe ulichanganye na kijiko kimoja cha kulia cha mafuta, kwa kuwa harufu za viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na mafuta huzichukua hadi ndani ya chale. Mpake samaki kila mahali, umfunike, umlaze saa moja au mbili katika jokofu. Asiye na jokofu amlaze nusu saa tu mahali pa kivuli na baridi, kwa sababu joto la pwani halina huruma kwa samaki mbichi, na faida ya viungo haiwezi kulipa madhara ya uvundo.

Msomaji ataona kuwa hata sasa sijaitaja ndimu isipokuwa kwa kuizuia, na najua kuwa kwa wengi hilo ni ajabu, pengine hata ni ujeuri. Desturi iliyoenea ni kumkamulia samaki ndimu tatu nne tangu asubuhi, kwa imani kwamba kadiri anavyokaa ndivyo anavyokolea. Imani hii ina nusu ya ukweli. Vumba la samaki wa bahari hutokana na kitu chenye tabia ya magadi, na tindikali ya ndimu hukikamata isiwe rahisi kuruka hewani kufika puani. Ndiyo maana ndimu husafisha harufu, na hao waliotufunza kuitumia hawakukosea. Lakini tindikali hiyo hiyo haina uwezo wa kuchagua. Ikimaliza kazi ya harufu huendelea na nyama, ikaigeuza nyeupe na kuikaza mithili ya nyama iliyopikwa, kisha ikazidi kuzilegeza nyuzi zake, hata samaki aliyekaa saa tatu katika ndimu huwa amekwisha kupikwa nusu kabla ya kuuona moto. Moto ukija juu yake humpika mara ya pili: akakauka, akavunjika anapogeuzwa, na mpishi akailaumu sufuria.

Basi ndimu iingie robo saa kabla ya kukaanga, si zaidi. Ndimu mbili kwa kilo moja zinatosha, zikamuliwe juu ya viungo vilivyokwisha kushika, na kiasi kingine kiwekwe akiba kwa ajili ya kachumbari na kwa ajili ya sahani, maana ndimu iliyokamuliwa juu ya samaki aliyetoka motoni ina uhai ambao ile ya robo saa imekwisha kuupoteza. Atakaye uchachu wa upole zaidi atumie ukwaju ulioloweshwa katika maji kidogo mno na kuchujwa, akapaka mzito. Nao ukipata moto hushika rangi nzuri, ila huungua upesi kwa ajili ya sukari yake, kwa hiyo moto wake uwe wa wastani. Na ndugu zetu wa bara wanaokaanga sato wa Ziwa Victoria wapunguze muda huu hata dakika kumi, kwa sababu nyama ya sato ni laini na huachana mapema. Sangara, aliye mnene na mwenye mafuta, huvumilia robo saa bila taabu.

Robo saa hiyo isipotee bure, bali itumike kutengeneza moto. Kikaango kiwe kizito. Cha chuma ndicho bora, na tawa la chapati lenye kina kidogo hufaa vipande vya nguru. Kiweke juu ya moto kikiwa kitupu hata kishike joto sawasawa, ndipo utie mafuta vijiko vinne vya kulia, uyazungushe yafunike chuma chote. Mafuta ya alizeti au ya karanga yaliyosafishwa huvumilia moto mkali; mafuta ya nazi yana harufu isiyo na kifani kwa samaki wa bahari, lakini hutoa moshi mapema zaidi, basi ayatumiaye apunguze moto na asiyaache peke yake. Zamisha ncha ya mwiko mkavu: vipovu vikiizunguka mara moja kwa mlio mwembamba, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi, umepita kiasi, yaondoe motoni kidogo.

Hapa ndipo jambo moja dogo linapoamua kila kitu. Kabla ya kumtia samaki, mkwangue viungo vilivyolala juu ya ngozi kwa mgongo wa kisu, uvirudishe bakulini, umwachie vile tu vilivyo ndani ya chale. Halafu mfute tena hata akauke. Najua mkono wa mpishi husita, akidhani anaitupa ladha. Haitupi. Vipande vya thomu na tangawizi vilivyo juu ya ngozi huungua katika dakika ya pili, ilhali samaki bado anahitaji dakika nyingine kadhaa, na uchungu wao huenea katika mafuta yote. Na ukavu nao una hoja yake: maji huchemka katika nyuzi 100 za sentigredi, na maadamu kuna maji juu ya ngozi, ngozi haiwezi kulipita joto hilo, ilhali wekundu ule wa kukaanga, pamoja na ladha yake, huja joto linapovuka nyuzi 140 hivi. Samaki mkavu huanza kukaangika mara moja. Samaki aliyelowa hungoja maji yake yaishe, na katika kungoja huko nyama ya ndani huiva na kupita, nayo ngozi hugandana na chuma.

Mlaze kikaangoni kwa kumwelekeza mbali nawe, ili mafuta yakiruka yaruke upande wa pili. Usiwarundike, wawili walio na nafasi ni bora kuliko wanne waliobanana, kwa kuwa mvuke wa waliobanana hauna pa kupitia na kikaango hupoa ghafla. Kisha mwache. Usimsukume, usimwinue, usimchungulie kila mara. Katika dakika ya kwanza ngozi hushikana na chuma, na akiinuliwa wakati huo huchanika. Ikishakauka na kushika wekundu hujiachia yenyewe, na utalijua hilo ukitikisa kikaango samaki akateleza mzima. Sikiliza pia, maana mlio mkali wa mwanzo ni maji yanayotoka, nao ukipungua ukawa mwembamba na wa mfululizo, ngozi imekauka. Kipande cha nguru cha inchi moja huchukua dakika nne upande wa kwanza na tatu upande wa pili. Changu mzima wa nusu kilo dakika sita au saba, kisha tano, kwa moto uliopunguzwa kidogo baada ya kushika rangi. Mgeuze mara moja tu, kwa mwiko mpana na uma wa kumsaidia. Kujua kuwa ameiva, tia ncha ya kisu katika chale ya katikati: nyama iwe nyeupe isiyopitisha nuru, iachane na mfupa bila ya kushurutishwa, na pasiwe na damu utini. Jodari mwenyewe asipewe hata nusu dakika ya ziada, kwani hukauka upesi kupita wote.

Wapo watakaosema kuwa samaki wa kukaanga wa sokoni, wale wakavu walio rangi ya kahawia iliyokoza, huzamishwa katika mafuta tele muda mrefu, na bado watu huwapenda. Ni kweli, nami siwadharau. Lakini samaki wale hukaushwa kwa makusudi, ili wastahimili kutwa nzima juu ya meza ya muuzaji au safari ya kwenda bara, na waliwavyo zaidi ni kwa kutiwa katika mchuzi. Mwenye kukaanga chakula cha kuliwa saa hiyo hiyo hana haja ya ukavu huo.

Samaki akitoka, mweke juu ya waya au juu ya ungo mdogo, asilazwe katika sahani bapa ambamo mvuke wake utailegeza ngozi. Punguza moto, mimina nusu ya mafuta kando, uvitie vile viungo ulivyovikwangua, uvikoroge dakika mbili hata harufu ya ubichi iishe, kisha uvikamulie ndimu nusu na vijiko viwili vya maji, vichemke vizuri. Huo ni mchuzi mzito wa kupaka juu ya samaki. Ila lishike sana neno hili: rojo lililolala na samaki mbichi lisiliwe bila kuchemka, wala lisitiwe katika kachumbari, na kisu na ubao uliomkatia samaki usiguse nyanya kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

Kachumbari huanza na vitunguu, na vitunguu peke yake ndivyo vinavyoruhusiwa kutangulia. Kata vitunguu maji viwili vikubwa kwa kisu chenye makali ya kweli, vyembamba kama karatasi, kwa maana kisu butu huponda badala ya kukata, na ukali unaowasha macho huzuka pale kitunguu kinapopondwa. Vinyunyizie kijiko cha chai cha chumvi, uvifikiche kwa vidole hata vilegee, uviache dakika kumi, halafu uvioshe kwa maji baridi safi mara mbili, uvikamue. Vitakuwa vimeacha ukali wa kukereketa na kubakiwa na utamu wake na mlio wake menoni. Kazi hii ifanyike samaki akiwa bado katika viungo.

Vilivyobaki vyote vingoje. Nyanya nne, ziwe ngumu na nyekundu, zikatwe samaki anapogeuzwa upande wa pili, wala si kabla. Toa mbegu na maji ya ndani, ukate kuta zake vipande vyembamba. Tango moja litolewe mbegu vivyo hivyo. Majira ya kaskazi, miti inapolemewa, tia embe bichi moja dogo lililokatwa njiti nyembamba, na hapo upunguze ndimu. Unguja na Pemba, na popote penye mti wake, bilimbi mbili tatu zilizokatwa pete hushika nafasi hiyo kwa uhodari mkubwa. Kotmiri ikatwe pamoja na mashina yake laini, kwa sababu mashina yana harufu kuliko majani, na ni israfu kuyatupa. Chumvi na ndimu zimiminwe wakati watu wanakaribia kunawa. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyanya kama ilivyoyavuta kutoka katika samaki, tofauti ni kwamba kwa samaki tuliyataka yatoke mapema, na kwa nyanya tunayataka yabaki mpaka zifike mdomoni. Kachumbari ya saa nzima ni supu baridi.

Pilipili yake nayo itazamwe kwa uangalifu, kwa sababu katika viungo ilipita motoni na humu haipiti. Pilipili mbuzi ina harufu ya tunda isiyopatikana katika pilipili kichaa, nami huipendelea kwa kachumbari ya samaki. Moja iliyokatwa chembechembe hutosha watu wanne waliozoea, na nusu yake wasiozoea. Ukali wake mwingi umo katika utando mweupe unaoshika mbegu, basi anayetaka harufu bila moto autoe utando. Penye watoto na wazee, ni uungwana kuikata pilipili katika kibakuli chake, na ndimu na chumvi, kila mtu akajichotea kwa kadiri yake. Na aliyezidiwa asikimbilie maji. Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji, hutembezwa tu mdomoni. Maziwa, mtindi au tonge la wali wa nazi ndivyo vinavyotuliza.

Wasomaji wetu walio mbali nao wana njia. Walio Maskati hawana la kulalamika, maana soko la Mutrah huwapa nguru mzuri. Walio Ulaya na Amerika Kaskazini, ambao samaki wao aghalabu hutoka katika barafu, wamwachie ayeyuke usiku kucha ndani ya jokofu, juu ya waya, si katika beseni la maji ya moto; samaki wa barafu hutoa maji mengi kuliko mbichi, kwa hiyo kwake chumvi ya nusu saa na kitambaa kikavu ni faradhi maradufu. Nyanya za majira ya baridi huko hazina ladha. Ni afadhali kuziacha kabisa, wakatumia tango, figili na ndimu, kuliko kula kachumbari iliyo nyekundu kwa jina tu.

Mwandalie samaki wako wali wa nazi, au ugali, au muhogo wa kuchemsha, wote hupatana naye. Kachumbari iwe kando, si juu yake, isije ikailowesha ngozi uliyoitaabikia. Akisalia samaki, mweke katika jokofu kabla saa mbili hazijapita, na kesho yake usimrudie kwa kikaango, kwa sababu nyama iliyoiva mara moja haina cha kupata kutoka katika mafuta ya pili. Mtie katika mchuzi wa tui au wa ukwaju uliokwisha kuiva, apate moto tu. Na kachumbari iliyosalia, usiitunze mpaka kesho: ipitishe motoni usiku huo huo pamoja na thomu kidogo, uifunike, nayo ndiyo itakuwa msingi wa mchuzi huo, maana nyanya zake zimekwisha kulainika na uchachu wake umepoa kadiri ya kumfaa samaki wa jana.